Nani Alipiwe Joto? Vuta Nikuvute ya Posho ya Baridi kwa Wastaafu wa Uingereza

Pauni 221 na peni 20 kwa wiki. Hiyo ndiyo ilikuwa pensheni kamili ya serikali kwa Mwingereza aliyefikia umri wa kustaafu baada ya Aprili 2016, kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25. Mwaka huohuo, mstaafu anayeishi peke yake alistahili kujaziwa kipato na serikali kama mapato yake hayakufika pauni 218 na peni 15 kwa wiki. Tofauti ya viwango hivyo viwili ni pauni 3 na peni 5. Ukiijumlisha kwa mwaka mzima, haifiki pauni 160.

Majira ya baridi ya 2024, tofauti hiyo ilimkosesha mzee pauni 200 za kupasha nyumba joto, au 300 kama alishatimiza miaka 80. Aliyeuvuka mstari kwa pauni 160 alipoteza 200, akajikuta ana hali mbaya kuliko jirani aliyekuwa chini yake. Serikali ya chama cha Labour, iliyotoka kuzoa viti zaidi ya 400 bungeni, ilishindwa kuutetea uamuzi wake wa kuwaachia fedha hizo walio chini ya mstari tu kwa mwaka hata mmoja. Anayetaka kujua kwa nini aanzie kwenye hizo pauni tatu, kwa sababu ubishi wote kuhusu nani asaidiwe na nani aachwe umejikunja humo.

Posho yenyewe inaitwa Winter Fuel Payment. Ilianzishwa mwaka 1997, Gordon Brown akiwa Waziri wa Fedha. Mwanzoni ilikuwa pauni 20 tu kwa kaya nyingi za wastaafu na 50 kwa zile maskini zaidi. Kufikia 2000 ilikuwa imepanda hadi 200, na mwaka 2003 wenye miaka 80 na zaidi wakaongezewa 100. Baada ya hapo, ukiacha nyongeza za muda, kama zile zilizotolewa wakati bei ya gesi ilipofumuka mwaka 2022 na 2023, kiwango kimebaki palepale huku thamani yake ikiliwa na mfumuko wa bei mwaka hadi mwaka.

Ilipendwa kwa sababu haikuwa na usumbufu. Mzee akifikisha umri, fedha ziliingia kwenye akaunti yake mwezi Novemba au Desemba. Hakuna fomu kwa walio wengi, hakuna kodi, wala afisa wa kuuliza kama zimelipia gesi au zimenunua zawadi za wajukuu.

Msomaji wa Tanga au Mombasa anaweza kujiuliza joto la nyumba lina uzito gani hadi litungiwe posho yake. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18. Mzee wa miaka 78 hushinda nyumbani mchana kutwa, mwili wake hautunzi joto kama wa kijana, na baridi humpandishia shinikizo la damu na kumkaza kifua. Nyumba nyingi za Uingereza ni za zamani na zinavujisha joto kwenye madirisha na paa. Wapo wanaotumia mita za kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania, kwa hiyo salio likiisha na joto linakatika. Oktoba 2024, wakati posho inaondolewa kwa walio wengi, kikomo cha bei ya nishati kilipanda kwa asilimia 10 hadi pauni 1,717 kwa mwaka kwa kaya ya matumizi ya wastani.

Jina la posho nalo lina kazi yake. Watafiti wa uchumi wa Uingereza walilinganisha matumizi ya kaya ambazo wazee wake walikuwa wametoka tu kufikia umri wa kuipata na zile ambazo bado kidogo. Mtu akiongezewa pauni 100 za kawaida, karibu pauni 3 ndizo huenda kwenye nishati. Ila pauni 100 zilizoitwa za joto, karibu nusu yake iliishia kwenye nishati, ingawa hakuna sheria iliyomlazimisha mtu. Ninaona huo ni ushahidi mzito kuliko hotuba nyingi za bungeni: wazee walizichukua fedha hizo kama ruhusa ya kuwasha joto.

Sasa, hoja ya kupima kipato haikuwa ya kijinga. Posho ilikwenda kwa watu wapatao milioni 10.8 England na Wales, na ndani yao walikuwemo wenye pensheni nono za makampuni, wenye nyumba za kupangisha, hata mabwanyenye waliosema wazi kuwa hawazihitaji. Chama cha Conservative chini ya Theresa May kiliahidi kwenye ilani yake ya 2017 kuipunguza kwa kupima uwezo, kisha kikapoteza wingi wake bungeni na suala likazikwa. Kabla ya hapo, mwaka 2015, serikali iliwaondoa wastaafu wake wanaoishi katika nchi za Ulaya zenye joto, kama Uhispania na Ugiriki. Ufaransa nayo ikaingizwa humo, kwa sababu wastani wa joto lake ulihesabiwa pamoja na maeneo yake ya tropiki, Réunion ya Bahari ya Hindi ikiwemo. Mstaafu aliyekuwa akitetemeka milimani Alps alikatiwa posho kwa jua la kisiwa kilicho jirani na Madagaska. Takwimu ikishashika kalamu, mambo ya namna hii hutokea.

Tarehe 29 Julai 2024, wiki chache tu baada ya uchaguzi, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kuwa amekuta pengo la pauni bilioni 22 kwenye hesabu za serikali, na kwamba posho ya joto katika England na Wales itabaki kwa wanaopokea msaada uitwao Pension Credit na misaada mingine michache ya watu wa kipato cha chini. Jambo hilo halikuwa kwenye ilani ya chama. Idadi ya wapokeaji ilitarajiwa kushuka kutoka milioni 10.8 hadi milioni 1.5, na akiba ya mwaka wa kwanza ilikadiriwa kuwa takriban pauni bilioni 1.4.

Pension Credit ndiyo ufunguo wa habari yote. Ni nyongeza inayomfikisha mstaafu maskini kwenye kima cha chini, zile pauni 218.15 kwa aliye peke yake, au 332.95 kwa wanandoa, kwa viwango vya mwaka ule. Inapima mapato, na inapima akiba pia. Pauni 10,000 za kwanza za akiba haziguswi, kisha kila pauni 500 zinazozidi hapo zinahesabiwa kana kwamba zinakuingizia pauni 1 kwa wiki. Mjane mwenye pauni 14,000 benki, alizoweka kwa ajili ya mazishi yake na kutengeneza paa, anahesabiwa pauni 8 za mapato ya kila wiki ambazo hajawahi kuziona. Nyumba anayoishi haihesabiwi. Hilo watu wengi hawalijui, na wamekaa miaka bila kuomba wakidhani kumiliki nyumba kunawafungia mlango.

Tena, Pension Credit haiji yenyewe. Lazima uombe. Fomu yake, ukihesabu maswali ya wahusika wote, ilikuwa na maswali zaidi ya 200. Wakati tangazo linatolewa, makadirio ya serikali yenyewe yalionyesha kuwa kaya hadi 880,000 zilizostahili hazikuwa zikiidai. Wengine hawakujua ipo. Wengine walijua ila wakaona haya, maana kwa kizazi kile kuomba msaada wa maskini ni kukubali kwamba umeshindwa maisha. Na yupo mzee asiyeona vizuri, ambaye simu ya ofisi inamweka kwenye foleni ya muziki kwa muda mrefu hadi anakata.

Hapa ndipo kosa la 2024 linapoonekana. Serikali ilitumia orodha ya waliofanikiwa kuomba msaada kana kwamba ni orodha ya maskini. Kati ya orodha hizo mbili palikuwa na mamia ya maelfu ya watu waliokuwa maskini kwa kipimo cha serikali hiyohiyo, na bado wakakosa posho kwa sababu karatasi zao hazikuwepo. Juu yao kidogo walikuwepo wale wa pauni tatu.

Wahamiaji kutoka kwetu wanaingia hapo moja kwa moja. Pensheni kamili ya Uingereza inahitaji michango ya miaka 35. Chukua mtu aliyefika London au Leicester mwaka 2000 akiwa na miaka 45, akafanya kazi bila kukatisha hadi 66. Ana miaka 21 ya michango, sawa na asilimia 60, kwa hiyo pensheni yake kwa viwango vya 2024/25 ni takriban pauni 133 kwa wiki. Kama hana kingine, na hali yake ya ukaazi inamruhusu kupokea misaada ya umma, anastahili kujaziwa karibu pauni 85 kila wiki. Huyu ndiye Pension Credit iliundwa kwa ajili yake, na huyuhuyu, mwenye Kiingereza cha kuungaunga na mtoto anayeishi mji mwingine, ndiye anayekwama kwenye fomu.

Serikali iliendesha kampeni ya kuhimiza watu waombe, na maombi yakaongezeka sana. Waliokubaliwa baada ya kuomba kufikia tarehe 21 Desemba 2024 waliweza kurudishiwa haki yao hadi ile wiki ya Septemba iliyotumika kuamua nani alipwe, wakaipata na posho. Ila kampeni hiyo ilikuwa na utata wake. Pension Credit isiyodaiwa ilikadiriwa kufikia takriban pauni bilioni 2 kwa mwaka. Kama kila anayestahili angejitokeza, kama mawaziri walivyokuwa wakihimiza hadharani, gharama ingezidi ile akiba ya bilioni 1.4. Hesabu ya akiba ilisimama kwa sababu ilitegemewa kwamba wazee wengi hawatajitokeza.

Utetezi mwingine ulikuwa kwamba pensheni ya serikali inapanda. Ni kweli. Uingereza ina kanuni ya kupandisha pensheni kila mwaka kwa kufuata kilicho kikubwa kati ya mfumuko wa bei, ongezeko la mishahara, au asilimia 2.5. Aprili 2025 ilipanda kwa asilimia 4.1, na mwenye pensheni kamili akapata takriban pauni 470 zaidi kwa mwaka. Lakini Aprili huja baada ya baridi. Bili ya Januari hailipwi kwa nyongeza ya Aprili.

Tarehe 10 Septemba 2024 Bunge lilipiga kura. Hoja ya kufuta kanuni mpya za posho ya joto ilishindwa kwa kura 348 dhidi ya 228. Mbunge mmoja wa Labour, Jon Trickett, aliiunga mkono waziwazi, na wenzake wengi hawakuonekana kwenye orodha ya waliopiga kura. Novemba, serikali ilitoa makadirio kwamba uamuzi wake ungewasukuma wastaafu 50,000 zaidi kwenye umaskini, na katika baadhi ya miaka 100,000. Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa Mei 2025, Labour ikaadhibiwa, chama cha Reform UK kikavuna, na wagombea walioshindwa wakasema kila mlango waliobisha waliulizwa habari ya posho ya joto. Tarehe 21 Mei Waziri Mkuu Keir Starmer akaashiria bungeni kwamba wanarudi nyuma. Tarehe 9 Juni, Reeves akatangaza utaratibu mpya.

Utaratibu huo ndio unaotumika tangu baridi ya 2025/26 England na Wales. Kila aliyefikia umri analipwa moja kwa moja kama zamani. Mwenye mapato ya mwaka yanayozidi pauni 35,000 naye analipwa, kisha mamlaka ya kodi inazirudisha fedha hizo kidogokidogo kupitia kodi inayokatwa kwenye pensheni yake binafsi, au kupitia ritani yake ya kodi kama huwa anajaza. Kwa pauni 200, ni karibu pauni 17 kwa mwezi. Asiyetaka mzunguko huo anaweza kujitoa mapema. Wastaafu wapatao milioni 9 wanabaki na posho, na milioni 2 hivi wanairudisha.

Kimitambo, mimi naona hii ni akili kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu imegeuza mzigo wa ushahidi. Mwaka 2024 maskini ndiye aliyetakiwa kuthibitisha umaskini wake. Mwaka 2025 serikali ndiyo inayomtafuta mwenye nacho, tena kwa kumbukumbu ilizonazo tayari. Mzee wa miaka 85 hajazi chochote. Matapeli tu ndio wanaomtumia ujumbe wa simu kumwambia abonyeze hapa aombe posho yake, na jibu la ujumbe huo ni kuufuta, kwa sababu hakuna kuomba.

Ila chekeche jipya lina matundu yake, na baadhi ni makubwa. La kwanza ni kwamba linapima mtu mmojammoja, wakati Pension Credit inapima wanandoa kwa pamoja. Mume na mke wenye pauni 34,000 kila mmoja, jumla 68,000 ndani ya nyumba moja yenye bili moja ya gesi, wanabaki na posho yote. Mjane wa mtaa wa pili mwenye pauni 35,500, anayelipa bili kama ileile peke yake, anairudisha yote. La pili ni kwamba linaona mapato yanayotozwa kodi na halioni mali. Mwenye nyumba ya pauni milioni moja na akiba kubwa kwenye akaunti zisizotozwa kodi anaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa na mapato ya pauni 30,000. Zile pauni 14,000 za mjane wa Pension Credit zilipekuliwa. Za huyu hazipekuliwi.

La tatu ni lile genge la ghafla, yaani ukingo unaokudondosha mara moja. Ukipata pauni 35,000 kamili unabaki na 200. Ukipata pauni moja zaidi, huna hata senti. Genge hili limehamishiwa kwa watu wasio na shida sana, ndiyo maana kelele zimepungua, lakini kasoro ni ileile ya pauni tatu. Ilikuwepo njia ya kuliondoa kabisa: kulipa posho kwa wote na kuihesabu kama sehemu ya mapato yanayotozwa kodi. Asiyefikia kiwango cha kodi angebaki nayo yote, wa kiwango cha asilimia 20 angerudisha pauni 40 kati ya 200, wa asilimia 40 angerudisha 80. Mteremko badala ya genge. Sababu ya kuikwepa njia hiyo siioni kuwa ya kiufundi. Mamilioni ya wastaafu wa kipato cha kawaida wangekatwa pauni 40, na serikali iliyotoka kuchapwa haikuwa na hamu ya kuwagusa tena.

Na akiba iliyobaki? Takriban pauni milioni 450 kwa mwaka ukilinganisha na kumlipa kila mtu bila masharti. Kwa bajeti ya nchi ile ni fedha ndogo sana kwa kelele zote zile.

Scotland ina posho yake chini ya serikali yake. Nayo ilibana mwaka 2024, kisha ikafuata kikomo cha pauni 35,000, viwango vyake vikiwa juu kidogo. Ireland ya Kaskazini iliwapa pauni 100 za mara moja waliokosa baridi ile ya kwanza.

Afrika Mashariki ubishi huu tunao, japo hatuwashi joto. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, bila kuuliza ana nini. Kenya ilianza mwaka 2007 kwa kuchagua wazee maskini, na kufikia 2018 mpango wa Inua Jamii ukawafungulia wenye miaka 70 na zaidi kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, kwa Bara imebaki na njia ya kuchagua: jamii inataja kaya maskini, kisha dodoso linauliza habari za paa, sakafu na mifugo, na anayejua vijiji anajua manung'uniko yanayofuata. Mamlaka ya kodi ya Uingereza inaweza kumtafuta mwenye pauni 35,001 kwa sababu pensheni na mishahara karibu yote inapita kwenye kumbukumbu zake. Bibi wa Micheweni, Pemba, aliyeuza mwani maisha yake yote hajawahi kuwa na hati ya mshahara. Huko umri ndio kitu pekee ambacho serikali inaweza kukipima kwa uhakika, na wakati mwingine hata cheti cha kuzaliwa hakipo.

Kuna jambo moja ambalo kurudi nyuma kwa Juni 2025 kumelifunika. Msimu wa 2024 ulikuwa na ukatili wake, lakini ulizilazimisha familia kukaa na wazazi wao na kujaza ile fomu, kwa sababu pauni 200 zilitegemea hilo. Sasa pauni 200 zimerudi zenyewe, na msukumo umekwisha. Pension Credit bado haiji bila kuombwa, na asiyeidai anapoteza, kwa wastani wa makadirio ya serikali, zaidi ya pauni 2,000 kwa mwaka. Pamoja nayo anapoteza leseni ya bure ya televisheni kama ametimiza miaka 75, nafuu ya kodi ya halmashauri, na zile pauni 25 zinazotolewa kila mara joto la eneo lake linapokuwa sifuri au chini kwa siku saba mfululizo. Mwenye mzazi huko anaweza kupiga simu wiki hii. Maombi yakikubaliwa, malipo yanaweza kurudi nyuma hadi miezi mitatu.